Miguu Inapokufa Ganzi na Lawama Ikatupwa Mgongoni

Katika mambo yampelekayo mtu mzima kwa tabibu, maumivu ya mgongo yamo katika safu ya mbele. Na kwa kuwa yameenea hivyo, imekuwa ada, mijini na mashamba, kwamba kila alalamikaye ganzi ya miguu, au udhaifu wa magoti, au moto uwakao nyayoni usiku, huambiwa upesi kuwa diski imetoka, au pingili zimesagika, na mshipa wa fahamu umebanwa. Aghalabu maneno hayo ni kweli. Lakini liko kundi la wagonjwa ambao mgongo wao hauna hatia, au una kasoro ndogo isiyowadhuru, na adui yao hasa ni kinga ya miili yao wenyewe, iliyogeuka ikaishambulia mishipa ya fahamu pale pale inapochipuka kutoka katika uti wa mgongo. Na kundi hilo, ijapokuwa ni dogo, lastahili kuzungumzwa kwa urefu, kwa sababu maradhi yake yana dawa, na dawa yenyewe haimo katika kisu cha mpasuaji.

Mishipa ya fahamu, ambayo wengine huiita neva, hutoka katika uti wa mgongo kwa mizizi, jozi 31 kwa jumla, na kila neva kubwa imevikwa ala ya mafuta iitwayo maelini. Ala hiyo haikutandazwa mfululizo, bali imekatwakatwa na vipenyo vidogo, vilivyoelezwa na Mfaransa Louis-Antoine Ranvier katika miaka ya 1870, na ujumbe hauendi kwa kutambaa bali huruka kutoka kipenyo hadi kipenyo, kwa kasi ya mita 50 hivi kwa sekunde katika mkono wa mtu mwenye afya. Ala ikiliwa, ujumbe huchelewa, au hupotea njiani usifike kabisa, na msuli unaoungoja hubaki umelegea ijapokuwa wenyewe ni mzima. Sasa, mahali ambapo damu na neva zimetenganishwa na kizuizi hafifu kuliko pengine ni katika ile mizizi, na kwa hiyo shambulio la kinga hupenda kuanzia hapo. Diski iliyotoka nayo hubana hapo hapo. Basi si ajabu kwamba dalili zikafanana hata tabibu mwenye haraka akashindwa kuzipambanua.

Maradhi yenyewe yana sura mbili kubwa. Iko ya ghafla, iitwayo maradhi ya Guillain-Barré, ambayo hufikia kilele chake ndani ya wiki nne. Na iko ya polepole, ambayo huendelea kuzidi kwa wiki nane au zaidi, mara ikipanda na kushuka, mara ikijongea bila kurudi nyuma. Hii ya pili ndiyo ambayo Peter Dyck na wenzake wa Mayo Clinic, huko Rochester nchini Marekani, waliieleza kwa ukamilifu mwaka 1975, na ndiyo ambayo madaktari huiandika katika karatasi zao kwa herufi CIDP. Ya polepole ndiyo ivaayo zaidi nguo za maradhi ya mgongo, maana muda wake mrefu humpa mgonjwa nafasi ya kuzunguka kwa waganga wengi, na kila mmoja akaongeza karatasi yake juu ya dhana ya yule aliyemtangulia.

Dhana hiyo huzaliwa, mara nyingi, na picha. Tangu mwaka 1934, madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipoonyesha kuwa diski iliyopasuka inaweza kuubana mzizi wa neva, utabibu umekuwa na sababu moja nyepesi kufahamika na nyepesi kumweleza mgonjwa. Na picha ya MRI ilipokuja, sababu hiyo ikaonekana kwa macho. Lakini mwaka 1994 ulichapishwa uchunguzi wa watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, waliopigwa picha hiyo, na zaidi ya nusu yao wakakutwa na diski iliyotuna mahali pamoja au zaidi, na karibu robo wakakutwa na iliyochomoza waziwazi. Watu hao walikuwa wakilala na kuamka salama. Kwa hiyo, mtu wa miaka 50 mwenye ganzi miguuni akipigwa picha, yamkini diski iliyotuna itaonekana, kwa kuwa ana miaka 50. Na kama hakuna aliyemkagua vizuri kabla ya picha, ile diski itabebeshwa dhambi isiyokuwa yake. Picha huonyesha kilichomo mgongoni. Kama hicho kilichomo ndicho kiumizacho, hilo huamuliwa na habari anayoisimulia mgonjwa na mkono wa tabibu anayemkagua.

Basi na tuitazame habari yenyewe. Diski iliyombana mtu ina tabia zake zijulikanazo: humwandama zaidi upande mmoja, maumivu yake ni makali, yakishuka kutoka takoni kwa nyuma ya paja hadi chini ya goti, na mkondo wake hufuata mzizi mmoja, kwa mfano ule wa tano wa kiunoni, ambao ukibanwa kidole gumba cha mguu hukataa kuinuka. Akikohoa, akipiga chafya, au akijikamua chooni, maumivu huzidi. Akilala chali na mguu wake ukanyanyuliwa ukiwa umenyooka, hupiga ukelele. Maumivu hapo ndiyo bwana, na udhaifu, kama upo, humfuata.

Maradhi ya kinga huenda kinyume. Hushika miguu yote miwili kwa kulingana au karibu na kulingana, na baada ya muda hupanda mikononi. Udhaifu aghalabu hutangulia maumivu, na mara nyingine maumivu hayapo kabisa. Udhaifu huo haukai katika vidole vya miguu peke yake, kama ulivyo ule uletwao na kisukari, bali hushika pia nyonga na mabega, na hapo ndipo mambo ya nyumbani yanapokuwa shahidi mwema kuliko maneno ya kitabibu. Mtu aliyezoea kuinuka kutoka katika sijda bila ya taabu huona kwamba sasa hana budi kutia mkono ardhini kwanza, na safu ikasimama yeye akiwa bado chini. Mwanamke hushindwa kuishikilia mikono kichwani muda wa kutosha kusuka nywele au kujifunga mtandio. Kupanda ngazi ya daladala huwa ni kujivuta kwa mikono. Na hisia za nyayo hupotea kwa namna ambayo kandambili huchopoka mguuni, mwenyewe akaendelea na safari yake hatua mbili tatu mpaka mtoto amwambie kuwa yu peku. Anapofumba macho kunawa uso huyumba akashika ukuta, na usiku umeme ukikatika huogopa kusimama, kwa kuwa macho yalikuwa yakifanya kazi ya miguu, nayo sasa yamefumbwa na giza. Dalili hizi ndogo mgonjwa huona haya kuzitaja mbele ya daktari, akidhani ni za uzee au za kitoto. Nami namsihi azitaje zote, maana zina uzito kuliko neno “mgongo unaniuma” lililorudiwa mara kumi.

Liko swali moja ambalo kila mwenye miguu ya ganzi ajiulize: je, vidole vya mikono navyo vimo? Diski ya kiunoni haina njia ya kuipitia ikafika katika vidole vya mikono. Mtu ambaye vifungo vya shati au vya kanzu vimeanza kumtatiza, na hali yu katika kungojea kupasuliwa kiuno, ana haki ya kusimama na kuuliza. Pengine ataambiwa kuwa shingo nayo ina diski, na huenda ni kweli. Lakini hapo kuna kipimo cha kuamua kisichohitaji fedha, nacho ni kinyundo cha mpira. Uti ukibanwa shingoni, miguu huwa mikakamavu, na goti likigongwa mguu huruka kwa nguvu kupita kiasi. Katika maradhi haya tunayoyazungumza, goti hugongwa na mguu ukatulia. Kisigino hivyo hivyo. Na jambo lenye kushuhudia zaidi ni kwamba viwiko na vifundo vya mikono, hata pale mgonjwa asipolalamikia udhaifu, navyo hukaa kimya. Diski moja haizimi miruko ya mwili mzima. Daktari aliyekagua kwa kinyundo miguu na mikono, akajaribu uma wa sauti uvumao juu ya kifundo cha mguu ili ajue kama mtikisiko wake unahisiwa, na akamsimamisha mgonjwa miguu pamoja macho yamefumbwa, amekwisha kufanya kwa dakika 10 kazi ambayo mashine ya thamani kubwa haiwezi kuifanya. Ikiwa ulikwenda hospitali ukatumwa moja kwa moja katika chumba cha picha bila kuvuliwa viatu, rudi uombe ukaguzi huo, kwa adabu lakini bila ya kuona haya.

Baada ya hapo huja vipimo. Cha kwanza ni kile cha kupima kasi ya umeme katika neva, ambapo neva hupigwa kwa umeme mdogo mahali pamoja na jibu likapokewa mbali kidogo. Hakidhuru, ijapokuwa hushtua. Pale ala ilipoliwa, kasi hushuka sana, na katika sehemu nyingine jibu hufifia njiani ingawa neva ya mbele ni nzima, jambo ambalo diski haiwezi kulifanya. Kipimo hiki hakipatikani kila mji. Mara nyingi humlazimu mgonjwa afunge safari hadi hospitali kubwa ya rufaa. Lakini nauli ya safari hiyo ni nafuu mno kuliko gharama ya kupasuliwa bure na ya miezi ya kuuguzwa baadaye. Na ajue pia kwamba kipimo hiki huona zaidi sehemu za neva zilizo mbali na mgongo, hata ikatukia, kwa wachache ambao ala zao zimeliwa katika mizizi peke yake, kwamba kikatoka safi na hali mtu ni mgonjwa. Kwa hiyo kipimo safi hakifuti mashaka yaliyosimama juu ya ukaguzi mzuri.

Cha pili ni kutolewa maji ya uti wa mgongo, na hapa ninalazimika kukaa, kwa sababu ziko jamaa nyingi ambazo zimekataa kipimo hiki kwa imani kwamba hupoozesha au huua. Sindano hii imetumika tangu Heinrich Quincke alipoielezea nchini Ujerumani mwaka 1891. Huingizwa chini ya kiuno, baina ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, na uti wenyewe kwa mtu mzima umekwisha koma juu zaidi, kwenye pingili ya kwanza au ya pili. Sindano basi huingia katika mfuko wa maji ambamo mizizi inaelea, nayo hupisha. Ubaya wake wa kawaida ni kichwa kuuma siku chache, na maumivu hayo hupungua mtu akilala. Iko hali ambapo daktari mwenyewe ataizuia, kama vile mgonjwa anapotumia dawa za kuyeyusha damu, au panapokuwa na shaka ya uvimbe ubongoni, na haya hana budi kuelezwa kabla. Kinachotafutwa katika maji hayo ni protini iliyozidi huku chembe hai zikiwa chache. Wale Wafaransa watatu, Guillain, Barré na Strohl, waliitambua alama hiyo mwaka 1916, katikati ya vita kuu, kwa askari wawili waliolegea miguu, na hadi leo ndiyo alama inayotafutwa. Chembe zikiwa nyingi, fikira iende penginepo: kwenye virusi vya ukimwi, kifua kikuu, kaswende, au saratani ya tezi.

Na picha ya MRI, ambayo tumeilaumu, nayo ina kazi yake njema ikitumwa na mtu ajuaye anachokitafuta. Katika maradhi ya muda mrefu, mizizi iliyoliwa ikajikarabati mara nyingi hunenepa, hata ikajaa katika mfereji wa mgongo, na mwenye kuisoma picha kwa haraka akaandika kuwa mfereji ni mwembamba. Mfereji haukupungua, vilivyomo ndivyo vilivyoongezeka. Picha hiyo ikipigwa pamoja na dawa ya kung'arisha iingizwayo mshipani, mizizi iliyowaka huonekana waziwazi. Daktari akiandika katika karatasi ya maombi, “tafadhali itazame mizizi,” msomaji wa picha ataitazama. Akiandika “maumivu ya mgongo” basi, ataandikiwa habari za diski.

Ile sura ya ghafla haingoji mlolongo huu. Mtu aliyeharisha au kupata mafua wiki moja hadi tatu zilizopita, kisha akaumwa mgongo na miguu ikaanza kulegea kutoka chini kwenda juu, siku hadi siku, asiwekwe nyumbani kukandwa kwa maji ya moto, wala asipelekwe kwa mchua viungo, ijapokuwa maumivu yake ya mgongo ni makali, kwani maumivu hayo ni sehemu ya maradhi na huweza kuutangulia udhaifu. Takriban mmoja katika kila wanne hufikia kushindwa kupumua. Mwambie avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti kuanzia 1. Asipoweza kufika 20, au akipaliwa na maji, au sauti ikimpotea, usiku huo huo apelekwe mahali penye mashine ya kupumulia. Protini katika maji ya mgongo huweza kuwa ya kawaida katika wiki ya kwanza, basi tiba isicheleweshwe kwa kuingoja. Na mgonjwa akiwa mtoto wa chini ya miaka 15, kulegea huko hutolewa taarifa kwa maofisa wa afya, na kinyesi huchukuliwa mara mbili, saa 24 au zaidi baina yake, ndani ya siku 14 tangu miguu ilipolegea, ili polio ipate kuondolewa katika dhana. Mzazi asilione jambo hilo kuwa ni usumbufu.

Ukanda wetu una maradhi mengine yanayoingia katika mlango huu. Kijana wa kandokando ya Ziwa Viktoria mwenye maumivu ya kiuno, miguu dhaifu na mkojo uliozuilika huenda ana mayai ya kichocho katika ncha ya uti. Kifua kikuu hula pingili. Dawa ya isoniazidi, ikitumiwa bila vitamini B6, hutia nyayo ganzi. Mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, katika nyakati za njaa, imekakamaza miguu ya watu katika Kongo, Msumbiji na Tanzania. Ukoma hunenepesha neva nyuma ya kiwiko. Kipimo cha virusi vya ukimwi, cha sukari na cha vitamini B12 visikosekane kwa mgonjwa yeyote wa namna hii.

Kuhusu tiba, iko alama moja ambayo wagonjwa hunong'onezana bila kujua thamani yake. Husema kwamba kila wachomwapo sindano fulani kwa ajili ya mgongo hupata nguvu za ajabu, si kupungua maumivu tu bali hata kupanda ngazi, na baada ya wiki kadhaa hali ikarudi ilivyokuwa. Sindano hiyo mara nyingi ni ya jamii ya steroidi, na nguvu ikirudi kwa steroidi katika miguu yote miwili, hapo pana sababu kubwa ya kushuku kinga ya mwili. Mweleze daktari habari hiyo kwa tarehe, na dawa uendelee kuipata kwa amri yake tu, kwani hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, huamsha kifua kikuu kilicholala, na kuikatisha ghafla ni hatari. Katika maradhi ya polepole, vidonge vya predinisoloni, vilivyo rahisi kwa bei, vimewainua wengi vitandani; ziko pia kingamwili za kutundikiwa mshipani, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa duru ya kwanza, ambazo ni ghali mno, na kuoshwa kwa maji ya damu. Katika ile ya ghafla, hizi mbili za mwisho ndizo zifaazo, hasa katika wiki mbili za mwanzo, na steroidi hazisaidii. Ndiyo maana kuijua sura ya maradhi si jambo la wanazuoni peke yao.

Yuko atakayeuliza atazungumzaje na mpasuaji aliyekwisha kumpa tarehe. Mpasuaji mwema hachukii kuulizwa ni mzizi upi hasa unaobanwa, na kama udhaifu wa mgonjwa unalingana na mzizi huo. Wala hatachukia kuombwa kipimo cha neva kabla ya kisu, maadamu hapana dharura. Dharura nayo iko, na haina mjadala: mkojo ukizuilika au ukitoka wenyewe, au ganzi ikishika sehemu za siri na matako, picha hupigwa siku hiyo hiyo, na diski ikionekana imeifunga mizizi ya chini, apasuliwe bila ya kungojeshwa kwa makala kama haya.

Na kosa huweza kuegemea upande wa pili. Uchunguzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu nusu ya waliotumwa na jina la CIDP hawakuwa nayo. Wengi walipewa jina hilo kwa protini iliyozidi kidogo tu, au kwa kasi ya neva iliyoshushwa na kisukari, na wakaendelea kunywa dawa nzito kwa kuwa walijiona nafuu. Kujiona nafuu hakutoshi. Kabla ya tiba kuanza, na iandikwe katika daftari: anainuka kitini mara ngapi bila ya kutumia mikono, anatembea mita 10 kwa sekunde ngapi, anabana kwa mkono kwa nguvu kiasi gani, na vipimo hivyo virudiwe kila mwezi na mtu yule yule, kwa kiti kile kile. Miezi mitatu ikipita katika steroidi, au duru mbili tatu za kingamwili, na namba hazikusogea, daftari lipelekwe kwa daktari wa neva, na uchunguzi uanzwe upya tangu kinyundo.